Safu Mbili za Mzee Waithaka

Kila siku saa tisa mchana, Shosho, bibi wa nyumba ile, akishapitiwa na usingizi wa baada ya chakula, Mzee Waithaka alikuwa akiingia jikoni na daftari la miraba, lile ambalo wanafunzi hufanyia hesabu. Anavuta kiti, anafuta makombo mezani kwa kiganja, anamwambia Mwihaki azime redio. Hapo somo linaanza. Mwalimu ana miaka themanini na mmoja. Mwanafunzi ana arobaini na miwili, na mikono yake bado inanuka sabuni. Wanasoma Kibulgaria, hapo Spring Valley, Nairobi, huku uji wa jioni ukiloweka.

Mwihaki hakuwahi kufikiri kwamba kuna lugha kama hiyo duniani. Yeye ni mtu wa Kabiria, anaishi na binti yake Ciru chumba kimoja nyuma ya posho mill, kinu cha unga, na kwa miaka kumi na mmoja alikuwa akipiga deki wodini. Alipochoka na ndoo alijiunga na kozi ya kutunza wagonjwa, miezi sita, ghorofani juu ya duka la misumari na mabati pale Dagoretti Corner. Mwalimu wao alikuwa nesi mstaafu, Madam Everlyn, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kengele. Mengi ya kozi ile yalishamtoka Mwihaki, lakini sheria ya kitabu cha ripoti haikumtoka. Madam Everlyn aliwaambia kila asubuhi: usiandike kwamba mgonjwa amekula kama hukuona kijiko kikiingia mdomoni. Kama mwenzako ndiye aliona, andika nimeambiwa amekula. Mgonjwa anaweza kufa katikati ya maneno hayo mawili.

Ndivyo alivyofika kwa Shosho, na kitabu chake cha ripoti kwapani.

Jina la Shosho la kwao ni Radka. Mzee Waithaka alipelekwa Bulgaria miaka ya sitini kusomea uinjinia, na aliporudi alikuwa na digrii mkono mmoja na Radka mkono wa pili. Watu wa Kabete, kwao Mzee, walimpa mwaka mmoja tu, wakisema baridi ya Julai haitamtisha lakini wakwe watamtisha. Akakaa hamsini na zaidi. Alijifunza Kikuyu mpaka akawa anagombana na wauza mboga na kushinda. Alizaa Norman na Jackie, akawalea kwa Kiingereza ili wasichekwe shuleni, na lugha yake akaiweka chumbani, akizungumza na mumewe tu.

Miaka mitatu iliyopita kiharusi kikampiga. Kilipita kama mafuriko ndani ya nyumba: kikazoa Kiingereza, kikazoa Kiswahili, kikazoa Kikuyu, kikaacha tu kile kilichokuwa chini kabisa, kile alichonyonya kwa mama yake. Upande wa kulia ukafa, akawa mtu wa kiti cha magurudumu. Lakini akili ilibaki yote. Daktari alilisema hilo mara mbili, na mara zote mbili Norman alitikisa kichwa kama mtu anayeambiwa bei ya kitu asichotaka kununua.

Kwa hiyo katika nyumba ile kubwa ya mawe, mtu mmoja tu ndiye aliyeweza kumwelewa, na mtu huyo alikuwa mzee kuliko yeye.

“Mimi nikienda,” Mzee alimwambia Mwihaki siku ya kwanza ya somo, “huyu atabaki kama mtu amefungiwa nje ya nyumba yake mwenyewe. Na wewe ndio uko na yeye saa zote. Tuanze.”

Hakuanza na neno. Alianza na kichwa. Alimweleza kwamba huko kwa akina Radka, mtu akikubali hutikisa kichwa kushoto na kulia, polepole, na akikataa hukiinua juu mara moja. Kinyume kabisa cha sisi. Radka alikuwa ameacha zamani, Kenya ilikuwa imemfundisha kuitikia kama watu, lakini kiharusi kilirudisha na hilo pia. Mwihaki akashika kifua. Miezi miwili alikuwa akimnyang'anya Shosho sahani akidhani ameshiba, kumbe mama wa watu alikuwa anasema ndiyo, ongeza. Mzee alicheka mpaka akakohoa, kisha akaacha kucheka.

Wakaendelea. Je, panauma? Unataka maji? Fungua mdomo. Geuka. Nani anakuja? Mzee anakuja: *idva*. Mwihaki aliandika maneno kwa herufi za kwetu na Mzee akaandika juu yake kwa herufi za kwao, zile ambazo zingine zinafanana na viti vilivyopinduliwa. Baada ya mwaka aliweza kumuuliza Shosho jinsi anavyojisikia, na Shosho aliweza kumjibu. Siku moja alimwita jina, “Mwi-haki,” akilikata katikati kama mkate.

Lakini yote hayo yalikuwa ya sasa hivi. Mwihaki alitaka kusema ulikula, ulilala, Jackie alipiga simu jana. Kila alipouliza, Mzee alisema hiyo iko mbele. Wakati uliopita wa lugha ile, alisema, una safu mbili. Safu moja ni ya jambo uliloliona kwa macho yako. Ya pili ni ya jambo ulilosimuliwa. Kitenzi chenyewe kinabadilika, huwezi kufungua mdomo kusema habari za jana bila kukiri kama ulikuwepo au hukuwepo.

“Kama kitabu ya ripoti,” Mwihaki alisema.

 Mzee akasema kumbe mwanafunzi amefika kabla ya mwalimu, lakini hata hivyo somo hilo wataliacha kwanza. Radka, alisema, akishaanza kuzungumza habari za jana hamalizi, na mtu anayemsikiliza lazima awe amejiandaa. Ikawa hivyo, wiki baada ya wiki. Mwihaki alianza kushuku kwamba aliyekuwa hajajiandaa ni Mzee.

Alhamisi moja ya mwezi wa saba, Mzee aliamka akihema kama mtu aliyepanda ngazi nyingi. Kufikia saa nne midomo ilikuwa imebadilika rangi. Norman alifika, Jackie akafika, ambulensi ikarudi kinyumenyume hadi mlangoni. Walipokuwa wanamtoa Mzee kwenye machela, Norman alichuchumaa mbele ya kiti cha mama yake. Alimwonyesha ambulensi, akamnyooshea yeye kidole, akainua nyusi. Unataka kwenda naye?

Shosho alitikisa kichwa. Kushoto, kulia. Polepole.

“Hataki,” Norman alisema, akisimama. “Wacha tu apumzike.”

Mwihaki alikuwa nyuma ya kiti, ameshika mkoba wa dawa. Aliona. Mdomo wake ulifunguka. Lakini Jackie alikuwa akilia na dereva wa ambulensi akipiga honi, na Norman ndiye mwana wa nyumba ile na yeye ni mtu wa kazi, na nani humsahihisha mtu kuhusu mama yake mwenyewe mbele ya watu? Alijiambia atasema wakishatulia. Milango ya ambulensi ikafungwa. Shosho akainua mkono wake mmoja mzima, akauacha hewani.

Mzee Waithaka alikufa Jumapili mchana. Norman alikuwa ameenda kuchukua chai.

Mikutano ya mazishi ilifanyika kwa Norman, Lavington, ili magari yasijae Spring Valley na kumshtua mama. Hapo ndipo ilipoamuliwa kwamba Shosho asiambiwe. Alikuwa na presha, moyo wake ulikuwa dhaifu, na hata hivyo, Jackie alisema, ataambiwa kwa lugha gani? Azikwe kwanza Ijumaa, halafu polepole. Kwetu si ajabu. Mtu hufiwa akapigiwa simu kwamba baba ni mgonjwa sana, njoo, na hujua ukweli akiona viti vya plastiki uani. Norman alimpigia Mwihaki simu akamwambia, Shosho akiuliza, mwambie anakuja.

Neno hilo alikuwa nalo. Mzee mwenyewe ndiye aliyemfundisha.

“*Idva*,” Mwihaki alimwambia Shosho Jumapili jioni. Anakuja. Kesho.

Jumatatu Shosho alitaka kiti chake kisukumwe dirishani, pale panapoonekana geti. Kilipoletwa chakula aliinua kichwa mara moja, juu: hapana. Hao wawili hawakuwahi kula mmoja bila mwenzake, na sahani ya Mzee ilikuwa mezani. Mwihaki akasema tena, anakuja. Jumanne vilevile. Aliandika kwenye ripoti: Uji, vijiko viwili. Maji kidogo. Alitazama kile alichoandika, yote kweli, na neno moja alilomwambia mgonjwa siku nzima halikuwemo mle kwa sababu hakukuwa na mahali pa kuliandika.

Usiku huo nyumbani Kabiria hakula yeye pia.

Asubuhi ya Jumatano alilifungua daftari la miraba kutafuta wakati uliopita. Kwenye ukurasa wa mwisho kulikuwa na kichwa cha habari tu, kimepigiwa mstari kwa rula, na chini yake hakuna kitu. Lakini kati ya kurasa palikuwa na karatasi ndogo ya duka la kuchapisha, Biashara Street, yenye jina la Mzee. Alimwomba mwanamke wa zamu ya usiku abaki kidogo na Shosho, akashuka mjini.

Mwenye duka alikuwa Bhavesh, mtu wa makamo mwenye miwani inayoning'inia kwa kamba. Aliitazama ile karatasi akatabasamu, akaingia chini ya kaunta akatoka na kijitabu kilichofungwa kwa waya wa plastiki.

“Hii ilikaa sana,” alisema. “Mwambie Mzee nilirekebisha zile herufi zake mara tatu, mashine yangu haikuwa inazijua. Mbona hajakuja mwenyewe? Yeye hupenda kusimama hapa kunigombeza.”

Mwihaki alifungua mdomo. Lilikuwa jambo la kuchekesha, kama lingekuwa siku nyingine: siku tatu alikuwa akitafuta njia ya kulisema neno lile kwa Kibulgaria, na sasa Kiswahili chenyewe kilikuwa kimekwama.

“Alikufa, Bhavesh. Jumapili.”

Bhavesh alivua miwani. Aliuliza kama Mwihaki alikuwepo. Mwihaki akasema hapana, aliambiwa. Bhavesh akafunga kile kijitabu ndani ya bahasha, taratibu, akiikunja pembe kama anafunga sari.

Mwihaki alikisoma akiwa amesimama nje, mgongo ukutani, watu wakimpita na mizigo ya vitambaa. Kilikuwa somo lote. Mzee alikuwa ameliandika kimyakimya, kurasa kumi na mbili, kila ukurasa una safu mbili: Niliyoona, Niliyoambiwa. Kula, kulala, kwenda, kuanguka, kuona. Ukurasa wa mwisho ulikuwa wa kufa. Pale panapokaa “mimi” alikuwa ameacha wazi, na pembeni, kwa Kiswahili: *Hapa hakuna mtu wa kwanza. Usijisumbue.* Mwihaki alicheka sauti moja, na mwanamke mmoja aliyekuwa akipita akamtazama.

Halafu alilitafuta neno lake. Kulikuwa na mawili. *Umrya*, kama uliona. *Umryal*, kama uliambiwa. Na yeye haki yake ilikuwa hilo la pili. Alimwona akilini Shosho pale dirishani akiuliza: uliambiwa na nani? Na jibu ni Norman, ambaye alikuwa ameenda kuchukua chai.

Alhamisi asubuhi Norman alimtaka atoe suti ya kijivu na viatu vyeusi, Zadock dereva avipeleke mochari, kesho ni mazishi. Mwihaki alisema ataenda navyo mwenyewe. Zadock alimwambia njiani kwamba huko si mahali pa mtu kwenda kama hajaitwa. Mwihaki akamwambia aangalie barabara.

Mhudumu wa pale aliitwa Muindi, kijana mwenye gambuti za kijani. Alimuuliza yeye ni nani wa marehemu. Mwihaki alifikiri, akasema, mwanafunzi wake.

“Basi shika mkono huu,” Muindi alisema. “Wanafunzi hawa wengine huja hapa wakaanguka, nikabaki na wawili wa kubeba.”

Hakuanguka. Alishafanya kazi ya kugeuza miili mizito, na mwili ni mwili mpaka ufike kwenye mikono. Kidole cha kati cha mkono wa kulia wa Mzee kilikuwa bado na alama ya wino wa buluu, maji ya mochari hayakuitoa. Mwihaki alifunga vifungo vya shati kimoja kimoja. Alifunga kamba za viatu. Akamtazama usoni kwa muda mrefu, kwa makusudi, kama anavyotazama kijiko.

Saa tisa mchana alikuwa Spring Valley. Shosho alikuwa dirishani, mashavu yameingia ndani. Mwihaki alivuta kiti, akakaa mbele yake, kati yake na geti. Akasema sentensi aliyokuwa ameirudia tangu mochari, kwa safu ya kwanza.

Waithaka alikufa.

Shosho hakulia. Alimtazama mdomo, kisha macho.

“*Vidya li go?*” Ulimwona?

“*Vidyah go.*” Nilimwona. Akamweleza, kwa vitenzi vichache alivyokuwa navyo, vikigongana kama sahani: nilishika mkono, nilifunga shati, niliona wino. Shosho alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaanza kuzungumza, polepole, akimchagulia maneno mepesi kama mtu anayemlisha mtoto, na Mwihaki akayaelewa yote. Gari lilikuja, Shosho alisema. Norman aliniuliza. Mimi nilikubali. Akatikisa kichwa, kushoto, kulia, ili kusiwe na shaka. Nilikubali, wakaniacha. Wewe ulikuwa nyuma yangu. Uliniona?

Sasa hapo hakukuwa na safu ya pili ya kujificha.

“*Vidyah*,” Mwihaki alisema.

Shosho akaligeuza gurudumu kwa mkono wake mmoja, kidogo tu, kiasi cha kumpa mgongo. Baada ya muda akaomba gauni lake jeusi.

Jackie alipoingia jioni na kumkuta mama yake amevaa nyeusi, alielewa bila kuambiwa, akapiga magoti na kumlalia mapajani. Norman hakupiga magoti. Alimwita Mwihaki jikoni, akamuuliza ni nani aliyempa ruhusa, na akamwambia kesho baada ya mazishi achukue vitu vyake.

Walimzika Kabete, kwenye shamba la baba yake, ardhi nyekundu yenye utelezi kwa sababu manyunyu hayakuwa yamekatika. Mwihaki alisimama nyuma kabisa na majirani. Hotuba zilikuwa nyingi. Mwishoni Waweru, mpwa wa Mzee aliyekuwa ameshika maikrofoni, alisema kwamba mama yetu hawezi kuongea kwa sababu ya ugonjwa, lakini moyo wake uko nasi. Shosho akainua mkono. Kisha akaanza kuongea, bila kungoja maikrofoni, na watu mia mbili wakatazamana. Waweru alimtazama Norman. Norman alimtazama Jackie. Jackie akageuka, akatafuta kwa macho katika umati, akaita:

“Mama Ciru. Kuja.”

Mwihaki alipita katikati ya miavuli. Alisimama kando ya kiti, Shosho hakumtazama. Mwihaki alitafsiri kila sentensi ilivyokuja. Nilimwona mara ya kwanza akiteleza kwenye barafu, vitabu vikatawanyika. Nilimwona akinijengea jiko. Nilimwona akizeeka. Watu walikuwa wakiguna kwa huruma, kama inavyofaa. Halafu Shosho akasema mengine mawili, akanyamaza.

Mwihaki alijua kwamba angeweza kuyaacha. Hakuna hata mmoja pale ambaye angejua. Norman alikuwa hatua mbili kutoka kwake, koti lake limelowa mabegani, na alionekana ghafla kama mtoto wa shule. Mwihaki akashika maikrofoni kwa mikono yote miwili.

“Anasema, siku ya mwisho sikumwona. Nilikubali kwenda, wakasema nimekataa.” Akaisogeza maikrofoni karibu. “Anasema, na aliyeona nikikubali ni huyu anayewatafsiria.”

Manyunyu yaligonga miavuli. Norman alimtazama mama yake, na kichwa chake kikaanza kwenda kushoto na kulia, si kwa kukubali wala kukataa, kama mtu anayejaribu kukumbuka jinsi jambo lilivyofanyika. Waweru akaanzisha wimbo haraka, katika sauti ya juu mno, watu wakamfuata hivyohivyo. Udongo ukaanza kuanguka.

Mwihaki hakufukuzwa. Jumamosi Jackie alimpigia simu kusema arudi, kwani nani mwingine atamwelewa mama? Norman hakuongea tena habari ya ruhusa. Siku hizi huja kila jioni, hukaa karibu na kile kiti, kisha huondoka.

Shosho anakula. Anafungua mdomo kwa kijiko cha Mwihaki, anageuzwa, anaoshwa. Lakini tangu Kabete hajamwambia neno. Akiulizwa kama panauma hutikisa kichwa au kukiinua, basi. Mwihaki ndiye mtu pekee Nairobi nzima aliyebaki naye katika lugha ile, na Shosho ameufunga mlango.

Saa tisa, Shosho akilala, Mwihaki huzima redio na kufungua kile kijitabu cha waya. Amefika ukurasa wa tisa. Husoma kwa sauti ya chini, safu ya kwanza, safu ya pili, kisha huandika ripoti ya siku. Uji, bakuli moja. Dawa zote. Hajasema. Halafu huacha mlango wa jikoni wazi, kwa sababu kutoka pale mtu akiita chumbani husikika, hata akiita kwa sauti ndogo.